Mji Mkongwe kwa miguu, na mpishi wa mahamri kando yangu

Kampuni iliyotutembeza Mji Mkongwe wa Unguja siitaji. Si kwamba namwogopa mtu, ila ziara hii ilibebwa na kijana mmoja tu, na nikiwapa jina la kampuni mtakwenda mkapewa kijana mwingine, kisha mrudi kunilaumu mimi. Nitawaeleza tulikopita, tulichokula, tulicholipa na kilichotukera. Mengine mtapima wenyewe.

Sisi ni watu wa Mombasa, Kibokoni, ndani ya mji wa kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Tulikwenda Unguja kwa harusi ya binamu yangu, na harusi ilipokwisha tukabaki na Jumamosi nzima haina kazi. Mamangu ana miaka sitini na minane, goti lake la kushoto halina subira, na amepika mahamri ya kuuza kwa miaka thelathini na kitu. Nilipomwambia kuna ziara ya kutembea kwa miguu, mtu aonyeshwe majumba ya zamani na aonje vyakula njiani, alikuwa na swali moja tu: "Nilipe pesa nikaonyeshwe mji wa kale? Kwani mimi nalala wapi?"

Tangazo lao lilisema dola 35 kila mtu. Nikawaandikia kwa Kiswahili kwamba tuko wawili, tunatoka Mombasa, na mmoja wetu ni mtu mzima. Wakanijibu kwa Kiingereza. Nikaandika tena kwa Kiswahili. Kesho yake bei ilikuwa imeshuka hadi shilingi 45,000 za Tanzania kila mmoja, "vyakula vyote na viingilio vyote vimo." Lishikeni hilo neno "vimo", nitalirudia. Nikaomba na jambo moja zaidi, tutembezwe kwa Kiswahili. Hapo jibu lilichelewa. Wakasema itawezekana, ila kiongozi atahitaji kujitayarisha. Kijana mzaliwa wa Malindi, hii Malindi ya Unguja, ajitayarishe kusema Kiswahili!

Tulikutana naye mlangoni pa Ngome Kongwe saa tisa kasorobo, jua la Januari bado kali. Alikuwa ametutangulia, na hilo nampa alama zake. Akamwamkia mamangu shikamoo, akajisafisha koo, kisha akaanza: "Karibuni katika safari yetu ya kusisimua ya historia na ladha, ambapo kila kona ina simulizi yake." Alikuwa amekariri. Macho yalikuwa juu kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mwalimu mkuu. Mamangu akamwachia amalize sentensi, akamshika mkono. "Mwanangu, sema nasi kama usemavyo na mamako."

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta, na tangu hapo tukawa na mtu mwingine kabisa. Alitwambia baadaye kwamba kwa Kiingereza ana mizaha iliyopangiwa vituo, mmoja kwenye mlango wenye misumari ya shaba, mmoja sokoni, mmoja Shangani kwenye nyumba wanayosema alikaa mwimbaji Freddie Mercury alipokuwa mtoto. Kwetu hakujua aweke nini. Akawa anasema tu, na sisi tunamkatiza.

Na palikuwa na mengi ya kukatiza. Ngome Kongwe, alisema, ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kutolewa mwaka 1698, juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Mamangu akainua kidole. Mwaka 1698 kwetu haupiti hivi hivi. Ngome ya Yesu ilizingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu, watu wakafa ndani kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na kila mtoto aliyesoma Kibokoni amepelekwa pale na shule si chini ya mara tatu. Kwa hiyo ngome hii ya Unguja imezaliwa na kuanguka kwa ngome yetu. Kijana alijua mwaka, ila hakuwahi kuusikia ukisemwa kutoka upande wa pili wa maji. Alimwuliza mamangu maswali mawili ya maana, na mamangu, ambaye dakika ishirini nyuma hakutaka kulipa pesa kuonyeshwa mji, akawa ndiye anayeonyesha.

Beit al-Ajaib tuliitazama kutoka nje ya uzio. Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, aliijenga mwaka 1883, ikawa na taa za umeme na lifti wakati ambapo watu wa pwani hii hawajaona hata kimoja. Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka na watu wawili wakafa. Kijana aliposimulia hayo aliteremsha sauti, na sikuona mzaha wowote uliopangiwa kituo hicho. Mamangu alikuwa na la kuuliza: "Huyu Barghash ni mwana wa Seyyid Said?" Ndiye. "Yule aliyeichukua Mvita kwa Mazrui?" Ndiye, Bi mkubwa, mwaka 1837. "Basi tupite." Tukapita. Kwa msiojua, Mvita ni Mombasa, Mazrui ndio waliokuwa watawala wake, na mshairi wa kwetu Muyaka bin Haji aliwatungia watu wa Unguja mashairi makali kwa sababu ya ugomvi huo huo, na wapo wazee wa Mombasa ambao kwao vita hivyo havijesha.

Milango siielezi. Kila mtu anapiga picha milango.

Hurumzi ilituchelewesha kidogo. Kijana alisema jina linatokana na neno huru, kwa kuwa kwenye mtaa ule watumwa walikuwa wakiandikiwa uhuru wao. Mamangu akasema yeye tangu utotoni amesikia Hurumzi ni Hurmuz, mji wa Ghuba, na kwamba watu huja na majina ya kwao. Hawakuafikiana. Walibishana kwa adabu kuanzia kichochoro kimoja hadi kingine, huku vespa zikitupigia honi, na mimi nyuma yao nikitafuta kivuli. Kama unafikiria kumleta mzazi, jua kwamba mabaraza ya mawe ndiyo kiti pekee njiani. Sisi tuliketi juu ya manne, mawili kwa hisani ya wenye nyumba. Kampuni haikuleta hata chupa ya maji. Nilinunua mwenyewe.

Sasa Mkunazini, ambako ziara hii ndiko ilikopata uzito wake.

Mlangoni mwa kanisa kuu la Anglikana tukaambiwa tulipe kiingilio. Nikatoa simu nikaonyesha ujumbe: viingilio vyote vimo. Kijana akapiga simu ofisini, akazungumza kwa kugeuka ukutani, akarudi na uso umemshuka. Ofisi inasema "vyote" maana yake vyote isipokuwa kanisa. Nililipa, kwa sababu mamangu alikuwa tayari ameketi ndani kwenye baridi na sikuwa na moyo wa kumwondoa. Waliahidi kunirudishia. Jumanne zilikuja, nusu.

Pale ndipo palipokuwa soko la watumwa, hadi Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga tarehe 5 Juni 1873. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Mbele ya madhabahu sakafuni pana duara la marumaru, panaposemwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Kuna msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, kule Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Na mlango wa magharibi kuna nguzo zilizosimamishwa juu chini, kwa kuwa mafundi waliziweka askofu akiwa hayupo. Kijana alizieleza nguzo bila kuwacheka mafundi, nami nikampenda kwa hilo.

Askofu mwenyewe ni Edward Steere, na amezikwa nyuma ya madhabahu. Huyu ndiye aliyekaa Unguja akaandika sarufi ya Kiswahili cha hapa, akakusanya hadithi za hapa na kuzichapisha. Kwetu alikuwapo mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuandika Kimvita, Kiswahili cha kwetu. Kiswahili cha vitabuni kikaja kujengwa juu ya Kiunguja, na mkutano uliokata shauri hilo ulifanyika mwaka 1928, wapi? Mombasa. Nyumbani kwetu wenyewe! Nilimwambia kijana hivyo tukiwa tumesimama karibu na kaburi la Steere, akaniambia, "Basi ndiyo maana mmekuja kudai," na mamangu akamjibu kwamba ndiyo, tumekuja kuchukua maneno yetu.

Nje kuna sanamu za watumwa watano ndani ya shimo, shingoni minyororo ya kweli, kazi ya msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mamangu alisimama pale muda mrefu kuliko popote. Kisha akasema neno moja: "Kengeleni." Kijana hakuelewa. Akamweleza kwamba ukivuka kutoka kisiwani kwetu kuelekea kaskazini, pana mahali panaitwa Kengeleni, na kengele yenyewe bado ipo, kwa sababu pale ndipo walipowekwa walioachiwa huru baada ya soko hili kufungwa, kwenye kijiji cha wamisionari kilichoitwa Frere Town. Frere ni yule yule Bartle Frere aliyetumwa na Waingereza hapa Unguja mwaka 1873 kushughulikia mkataba. Kijana alitoa simu akaandika. Mimi pia nimepita Kengeleni maisha yangu yote nikienda Nyali, sijawahi kuunganisha ncha hizo mbili.

Halafu tukateremka kwenye vyumba vya chini, vile vyenye dari fupi na tundu dogo la mwanga, ambavyo wageni huambiwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Kijana alianza maneno yale ya kukariri. Nikamwuliza: nyumba iliyo juu ya vyumba hivi si ilijengwa na misheni, baada ya soko kufungwa? Akanyamaza. Akatazama mlangoni kama kuna mtu. Akasema ni kweli, na wapo wanahistoria wanaokataa kwamba vyumba hivi vilikuwa vya watumwa, lakini ofisi inataka visemwe hivyo kwa kuwa ndivyo wageni wanavyovikumbuka. Kwa Kiingereza asingetwambia, na mwenyewe alikiri. Ushauri wangu kwa ofisi ile: acheni. Lile duara la marumaru na wale watu watano wa mawe wanatosha, wala hawahitaji chumba cha kusaidiwa.

Chakula cha kwanza kilikuja mara tu baada ya hapo, na ilikuwa bahati, maana hatukuwa na hamu ya kusema. Mama mmoja kichochoroni, karai moja, jiko la mkaa, badia. Sisi twaita bajia. Zilikuwa za kunde, zimesagwa zikaachwa na punje punje, kitunguu na kotimiri ndani, na chatne ya nazi yenye pilipili ya kutosha kumwamsha mtu. Mamangu alivunja moja akaitazama ndani kabla ya kuitia kinywani, kama fundi saa. Akala nne. Akamwuliza yule mama kama anaroweka usiku kucha au asubuhi tu, na walipoanza kuzungumza mafuta na bei ya mkaa, mimi na kijana tukawa wageni. Walitumia dakika kumi na tano pale. Kwenye ratiba ziliandikwa tano.

Darajani nitapita haraka kwa sababu ziara yenyewe ilipita haraka. Soko ni la mwaka 1904, na jina ni la daraja lililokuwa likivuka mkondo wa maji kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla mkondo haujafukiwa. Kijana alitupeleka kwenye meza ya viungo vilivyofungwa kwenye vipakiti vya rangi na utepe. Mamangu alinusa hiliki, akairudisha. "Hini imekaa." Alinunua karafuu meza ya tatu kutoka pale, kwa mzee asiyekuwa na utepe wowote. Msimu wa doriani ulikuwa umefika, harufu imejaa upande mzima. Kijana alitaka tuonje, ilikuwa imo kwenye bei. Mimi nilionja na sijutii: ni kama kastadi iliyoketi karibu na kitunguu. Mamangu alisimama mbali amejifunika pua na leso, kanga wanavyosema wao, na hakuna aliyemlazimisha.

Kisha, duka. Kila mtu aliyewahi kutembezwa analijua duka hili. Vinyago, picha za simba, magauni ya kitambaa kimoja, na mwenye duka anayekuita dada kabla hujaingia. Dakika ishirini na tano, nilihesabu, katika ziara ya saa nne tunayoilipia. Simlaumu kijana sana, kwa sababu najua mishahara ya kazi hizi inaliwa na kamisheni. Nalaumu aliyepanga. Hatukununua kitu, mamangu akaomba kiti, wakampa, akasinzia.

Kituo kilichofuata kilikuwa cha urojo, nami nilikuwa nimekisubiri tangu asubuhi. Tukaingizwa kwenye mkahawa wenye viti vya mito na orodha ya vyakula ya Kiingereza, tukaletewa vikombe vya plastiki, ujazo wa kikombe cha chai. Rojo la njano, vuguvugu, viazi vipande vitatu, badia moja ya baridi, vichipsi vya muhogo vimekwisha kulowa. Hapakuwa na uchachu. Urojo bila uchachu wa embe bichi au ndimu ni maji ya manjano na unga. Mamangu alionja kijiko kimoja akakiweka chini taratibu, kwa heshima. "Huu ni uji wa mgonjwa." Akamgeukia kijana. "Mwanangu, wewe wala wapi?"

Nikiulizwa ni dakika gani iliyofanya shilingi 90,000 zetu zisipotee, ni hiyo. Kijana alijikuna kichwa, akasema kule anakokula si mahali pa wageni, hapana viti vya maana. Mamangu akamwambia yeye si mgeni. Tukatoka. Vichochoro vitatu, tukazunguka msikiti, tukateremka ngazi mbili ambazo goti lilizilalamikia, tukafika kwenye benchi la ubao mbele ya mlango wa nyumba ya mtu. Sufuria mbili kubwa, bakuli za bati, foleni ya watoto wa chuoni na wanaume wawili wenye magwanda ya gereji.

Huo ndio urojo. Rojo lilikuwa la moto, zito kiasi cha kushika kijiko lakini si la kukwama, manjano wala si dhahabu, uchachu wake unaanza nyuma ya ulimi. Ndani mna viazi, kachori iliyovunjwa kwa mkono, badia za moto, mishkaki miwili iliyochomolewa kijitini, nusu yai, kisha juu chatne ya nazi, pilipili, na vichipsi vya muhogo vinavyotiwa mwisho kabisa ili vilie mdomoni. Shilingi 2,500 bakuli, tukalipa wenyewe, kwa kuwa mahali hapo hapamo kwenye hesabu za ofisi. Mamangu alikula akamaliza kimya. Kwa wasiomjua, kimya chake ni nyota tano. Baadaye akamwuliza mpishi kama anatia unga wa ngano au wa dengu kwenye rojo, mpishi akatabasamu akamwambia, "Shoga yangu, hilo siri," na mamangu akasema, "Ningekuwa mimi pia nisingesema."

Soko Muhogo, kwenye ile kona inayoitwa Jaws Corner, nilikuwa na wasiwasi. Ni baraza la wanaume: kahawa, bao, dhumna, siasa. Mwanamke wa makamo wa kwetu haketi tu kwenye baraza kama lile, na ziara nyingi huwapeleka wazungu wakaketi popote kwa kuwa mzungu husamehewa. Kijana alituacha kona, akaenda peke yake kumwamkia mzee mmoja, akamnong'oneza. Mzee akasimama, akahamisha watu wawili, akatuwekea nafasi pembeni, mgongo ukutani. Hakuna aliyetutazama mara mbili. Hilo halifundishwi kwenye semina za utalii, na mimi nikiwa mwajiri wake ningemwongezea mshahara kwa hilo tu.

Kahawa ilimiminwa kutoka kwenye dele la shaba, chungu, na tangawizi, vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata ya karanga. Mzee akauliza tunatoka wapi. Mvita. "Mvita wapi?" Kibokoni. Basi kumbe nduguye alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, na jina la mtaa aliokaa alikuwa nalo. Wakaulizana majina ya watu. Watatu kati yao walikwisha kufa, na kwa kila mmoja mamangu alisema "Mungu amrehemu" na mzee akaitikia amin. Hatukuonyeshwa kitu chochote pale kwa nusu saa nzima. Kijana alikunywa kahawa yake akanyamaza, na kunyamaza kwake nako nakuhesabu kuwa kazi.

Tulimalizia Forodhani, jua linazama, watoto wanaruka baharini kutoka ukutani kwa mbwembwe. Tangazo lilisema "karamu ya vyakula vya baharini." Karamu ilikuwa mshikaki mmoja wa pweza kila mtu, mgumu, umechomwa mara mbili, na glasi ya juisi ya miwa. Juisi nzuri, imekamuliwa mbele yetu na ndimu na tangawizi, ningekunywa tatu. Pweza, hapana. Wauzaji wenye kofia ndefu za mpishi wanakuita kwa lugha tano na bei inategemea unaitikia ipi. Nilipouliza kwa Kiswahili sahani ya kamba, ikashuka theluthi papo hapo. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar mamangu aliitazama ikikunjwa, unga mwembamba, nyama ya kusaga, yai, kitunguu, inageuzwa kwenye chuma cha moto. "Hini si mkate wa mayai?" Mwenye kuipika akasema hapana Bi mkubwa, hii ni pizza. "Mwanangu, kwetu twaila tangu hujazaliwa." Akalipia moja, akala robo, akasema mafuta mengi. Nilikula iliyobaki yote na nilikuwa na raha zangu.

Kwa hiyo, ningelipa tena? Kwa kijana yule, kwa Kiswahili, bila duka na bila karamu ya pweza, ningelipa hata 50,000. Kwa ziara kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, sidhani. Ukiweka nafasi, dai kwa maandishi kiingilio cha kanisa kimo au hakimo. Anza saa tisa, si saa tatu asubuhi, maana urojo na kahawa na Forodhani ni mambo ya jioni. Vaa viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya Darajani, sakafu ya upande wa samaki haina huruma. Beba maji. Wala usile mchana, mamangu alikula wali wa harusi uliobaki saa saba na alijuta kuanzia badia ya tatu. Na ukishaona kijiko cha kwanza hakifai, uliza lile swali la mamangu.

Tulipoagana alimpa kijana shilingi 10,000 zimekunjwa ndogo kama hirizi, na namba yangu ya simu. Wiki iliyofuata akaandika, anaomba msaada: mahamri ya nyumbani kwao, wao wanaita maandazi, hayavimbi, yanatoka bapa. Nikampa mamangu simu ajibu kwa sauti. Ujumbe ulikuwa wa dakika saba. Mbili ni za unga, tui zito na kungoja, na tano za kumwuliza kwa nini hajaoa.